Aliyebaki barabarani na pikipiki: je, naye anaweza kunyongwa?

Swali: Shikamoo wakili. Nakuandikia kutoka Mbalizi. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Mwezi Juni, saa tano usiku, alikodiwa na watu wawili awapeleke kwenye stoo ya mnunuzi wa viazi njia ya Umalila, wakamwambia awasubiri barabarani. Wakaingia, wakapora fedha za kununulia mazao, na mlinzi akapigwa nondo kichwani. Alifariki siku ya nne akiwa hospitali. Mdogo wangu aliwarudisha mjini, wakampa shilingi 150,000. Baada ya wiki moja alikamatwa, na chini ya kiti cha pikipiki kikakutwa kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, cha marehemu. Sasa ameshtakiwa kwa mauaji pamoja na wale wawili. Hakuingia ndani wala hakumgusa mtu. Je, anaweza kunyongwa? Wazee wanashauri tukae na familia ya mlinzi tuyamalize. Halafu kituoni waliandika kwamba ana miaka 19, lakini alizaliwa Agosti na siku ile alikuwa hajatimiza 18. Kadi yake ya kliniki iko kwa bibi Tukuyu. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni nyumbani, na pole yangu iifikie pia familia ya mlinzi, maana katika shauri hili kuna mtu aliyetoka kwake jioni na kabuti lake, kwenye baridi ya Juni ya huko Umalila, akalinde mali ya mwingine, na hakurudi. Nitakujibu kwa uwazi, kwa sababu maneno ya kufariji peke yake yatakupotezea muda ambao mdogo wako hana.

Ndiyo. Kwa sheria ya Tanzania mtu anaweza kuhukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa mauaji ambayo mkono wake haukuyatenda. Lakini hilo halitokei kwa sababu tu alikuwepo, na kwa mdogo wako lipo jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo, ambalo likithibitishwa litamwondoa kabisa kwenye adhabu ya kifo. Nitalifikia.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vyake vilivyozoeleka vya 196 na 197, inasema kwamba anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali na kwa dhamira ovu ana hatia ya kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kifo. Hakuna adhabu ya pili ambayo jaji anaweza kuichagua, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito, ambaye hufungwa maisha. Jaji akishamtia mtu mzima hatiani kwa kosa hilo, hana mizani ya kupima kwamba huyu alipiga, huyu alishika tochi na huyu alikaa kwenye pikipiki. Wote watatu watasomewa maneno yaleyale. Ndiyo maana katika kesi ya namna hii mapambano yote yako kabla ya kutiwa hatiani, na anayesubiri kuomba huruma mwishoni, kama watu wanavyofanya kwenye kesi za wizi, hukuta mlango umeshafungwa.

Watu wengi hudhani kwamba dhamira ovu ni kuamka asubuhi umeshapanga kumuua fulani. Kifungu cha 200 ni kipana kuliko hivyo. Dhamira ovu ipo pale mtu anapokusudia kuua au kumdhuru mwenzake vibaya, pale anapojua kwamba kitendo chake huenda kikaua, pale anapokusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, na hata pale anapotenda ili kumsaidia mhalifu kutoroka. Unyang'anyi wa kutumia silaha peke yake una kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa hiyo aliyeingia stoo kupora, akamwangusha mlinzi, hawezi kujitetea kwamba yeye alifuata fedha tu na kifo kilikuja kwa bahati mbaya.

Sasa tuje kwa aliyebaki nje. Kifungu cha 23 kinasema kwamba watu wawili au zaidi wakijenga nia ya pamoja ya kutimiza jambo lisilo halali, na katika kulitimiza likatendeka kosa ambalo kwa asili yake lingeweza kutarajiwa kutokana na jambo hilo, basi kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Soma maneno hayo taratibu, kwa sababu maisha ya mdogo wako yamelala ndani yake. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapaswa kuthibitisha kwanza kwamba yeye na wale wawili walikuwa na nia moja ya kupora. Ikilithibitisha hilo, haihitaji kuthibitisha kwamba alitaka mlinzi afe, kwa sababu kuvamia stoo yenye mlinzi usiku ukiwa na nondo ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili anaona linaweza kuishia kwenye kifo. Lakini ikishindwa kuithibitisha nia hiyo ya pamoja, kuwepo kwake barabarani hakumfanyi muuaji, kama ambavyo dereva wa daladala si mwizi kwa kuwa alimpakia mwizi.

Kwa hiyo swali ambalo jaji atajiuliza ni hili: kijana huyu alijua nini, na alilijua lini? Majaji hawana kifaa cha kupima moyo, nao hulitafuta jibu katika mwenendo wa mtu kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada ya tukio.

Hapa niruhusu nikusimulie kitu kimoja. Miaka mingi iliyopita nilimtetea kijana mwingine wa bodaboda katika shauri linalofanana na hili. Utetezi wetu ulikuwa kwamba aliwabeba mshikaki watu wawili bila kujua wana silaha. Nondo ililetwa mahakamani kama kielelezo, imefungwa kwenye karatasi ya kaki, na ilipofunguliwa juu ya meza ilikuwa ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Wakili wa Serikali akaomba benchi liwekwe katikati, mteja wangu akae mbele kama dereva, na askari akae nyuma yake akiwa ameificha nondo ile ndani ya koti. Ncha ikamgusa mteja wangu mgongoni, chini kidogo ya bega. Hakuna aliyesema neno. Katika hukumu jaji aliandika kwamba haiwezekani mtu asafiri kilometa kadhaa za barabara ya vumbi na chuma kikimgonga mgongoni kisha aseme hakukihisi. Alitiwa hatiani. Sikusimulii haya kukuvunja moyo. Nataka wakili wenu, kabla ya siku ya kwanza ya ushahidi, awe ameshajua nondo ile ilikuwa ndefu kiasi gani, nani alikaa katikati, na ilibebwa wapi, mkononi au ndani ya mfuko wa salfeti pamoja na vitu vingine.

Jambo la pili ni zile shilingi 150,000. Nauli ya safari hiyo, hata kwa bei ya usiku na kwa kurudi, haikaribii kiasi hicho, na Wakili wa Serikali atauliza kwa sauti ya upole: kijana, ulilipwa kwa kazi gani? Jibu la kweli lazima lipatikane sasa, kutoka kwake mwenyewe, mbele ya wakili wake na si mbele yako. Kama bei ilipatanwa kabla ya kuondoka, hiyo ni dalili nzito ya nia ya pamoja. Kama walipatana nauli ya kawaida, kisha waliporudi wakiwa na damu wakamtupia fedha na kumtisha anyamaze, hadithi ni nyingine kabisa, kwa sababu anayejua baada ya tendo hakushiriki kulipanga. Sheria inamtambua mtu wa aina hiyo kama msaidizi wa mhalifu baada ya kosa. Hilo nalo ni kosa na lina kifungo, lakini si mauaji na halimfikishi mtu kwenye kamba. Katika kesi kama hii, tofauti kati ya kufa na kuishi inaweza kuwa ni saa moja tu, yaani saa aliyoufahamu ukweli. Je, alimpigia mtu simu usiku ule? Alimweleza nani kijiweni asubuhi yake? Rekodi za simu na dereva mwenzake aliyemwona akitetemeka ni ushahidi, lakini ni ushahidi unaopotea msipoutafuta mapema.

Kuhusu kiswaswadu, mahakama zetu zina kanuni kwamba anayekutwa na mali iliyoporwa karibuni anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyeipora, na wakati mwingine kuhesabiwa kuhusika hata na mauaji yaliyoambatana na uporaji huo, asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Lakini kanuni hiyo ina masharti yake: mali ikutwe kweli kwa mshtakiwa, ithibitishwe bila shaka kuwa ni ya aliyeporwa, iwe imeporwa karibuni, na iwe ndiyo mali inayotajwa katika shauri. Simu ina namba yake ya utambulisho, kwa hiyo haitakuwa vigumu kuonyesha kwamba ni ya marehemu. Penye mjadala ni nani aliiweka chini ya kiti. Abiria waliokuwa na haraka ya kuitupa? Yeye? Na katika wiki ile nzima, pikipiki ililazwa wapi, nani mwingine aliiendesha? Wakili aiombe hati ya ukamataji mali aangalie kama kulikuwa na shahidi huru aliyetia saini wakati wa upekuzi, kwa sababu Mahakama ya Rufani imeshatengua hukumu nyingi ambazo mlolongo wa vielelezo, yaani nani alikishika kitu na kumkabidhi nani tangu kilipokamatwa, haukueleweka. Fedha zenyewe hazitabanwa kirahisi na kanuni hii, kwa sababu noti hazina jina la mtu.

Muulizeni pia kuhusu maelezo aliyoandikishwa polisi, yale yanayoitwa maelezo ya onyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mahojiano yafanyike ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu, na ungamo ni lazima liwe la hiari. Kama alipigwa, au alikaa siku tatu ndipo akasainishwa, pingamizi litolewe pale pale Jamhuri inapoomba kuyatoa maelezo hayo kama ushahidi. Na kama mmoja wa wale wawili amemtaja katika ungamo lake, ungamo la mshtakiwa mwenza peke yake halitoshi kumtia hatiani, ni lazima liungwe mkono na ushahidi mwingine.

Ndugu zako wanaweza kukwambia kwamba mlinzi aliuawa na uzembe wa hospitali, kwa sababu alikaa siku nne. Msiliegemee hilo. Sheria inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama majeruhi alifia mikononi mwa matabibu waliomhudumia kwa nia njema, na muda unaohesabika ni mwaka mmoja na siku moja tangu alipojeruhiwa.

Kuhusu kuyamaliza na familia ya marehemu, nawaheshimu wazee, na najua kwamba huku kwetu kwenda msibani na kuinamisha kichwa ni utu. Nendeni kuhani, ikiwa familia ile itawapokea. Lakini mauaji ni shauri la Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuliondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka peke yake, kwa hiyo hata mjane akisema amesamehe, kesi inaendelea. Mkipeleka fedha mtakuwa mmejitengenezea ushahidi kwamba ukoo umekiri, na mkiwaendea mashahidi mtakuwa mmetenda kosa jingine. Kaeni mbali vilevile na vishoka wanaozunguka mahakamani wakidai wanamjua mtu ndani. Dhamana nayo haipo kwa kosa la mauaji, na anayewaomba fedha ili awapatie dhamana anawaibia.

Njia halali ya makubaliano ipo. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, na mashauri ya mauaji humalizika mara nyingi kwa mshtakiwa kukiri kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha lakini jaji ana uhuru wa kushuka chini. Siwashauri mliombe hilo leo. Anayekiri akiri alichokifanya, na mimi sijui bado mdogo wako alifanya nini.

Sasa umri. Mwanangu, hili lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya barua yako. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza adhabu ya kifo kutamkwa dhidi ya mtu ambaye alipotenda kosa alikuwa hajatimiza miaka 18. Kinachohesabiwa ni siku ya tukio. Siku ya kukamatwa na siku ya hukumu hazihusiki, na haijalishi kwamba sasa ameshatimiza 18 na ndevu zimeanza kuota. Miaka 19 iliyoandikwa kituoni haimfungi mtu, huenda alijiongezea mwenyewe kwa kuogopa kuulizwa leseni ya udereva. Lakini karatasi ile itasafiri na jalada hadi Mahakama Kuu, kila mtu atainakili kutoka kwa mwenzake, na asipotokea wa kuipinga itageuka ukweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama ifanye uchunguzi wa umri pale jambo hilo linapojitokeza, na nyaraka zinazosaidia ni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, pamoja na kiapo cha mama au bibi aliyekuwepo siku ya kuzaliwa.

Usidhani hata hivyo kwamba umri ukithibitishwa atarudi nyumbani. Akitiwa hatiani, badala ya kifo atawekwa kizuizini kwa muda atakaoridhia Rais, na adhabu hiyo haina idadi ya miaka unayoweza kuihesabu kwenye kalenda. Kwa hiyo hoja ya nia ya pamoja inabaki kuwa hoja kuu, na umri ni ukuta wa nyuma yake. Hata sasa akiwa mahabusu umri una kazi, kwa sababu mtoto hapaswi kulazwa pamoja na watu wazima, na Mbeya ina mahabusu ya watoto.

Umeuliza kuhusu kunyongwa, nami nisikuache na giza hapo. Anayehukumiwa kifo na Mahakama Kuu ana haki ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani, na taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30. Rufaa ikishindikana, hati ya kunyonga haiwezi kutekelezwa bila Rais, ambaye Ibara ya 45 ya Katiba inampa mamlaka ya kusamehe au kubadilisha adhabu. Tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa nchini, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hataidhinisha. Lakini hukumu zinaendelea kutolewa, na watu wanakaa miaka kwa miaka katika magereza kama Isanga, Dodoma, kila wakisikia kufuli linafunguliwa asubuhi wasijue ni uji au ni jina lao.

Adhabu hii imepingwa mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika shauri la Mbushuu, aliamua kwamba inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaibakiza kwa hoja ya maslahi ya umma. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu hiyo bila kumpa nafasi ya kupima ni kukiuka haki ya kuishi. Majirani zetu wameshasogea. Ukivuka Kasumulu, Malawi iliondoa ulazima huo mwaka 2007, na ukivuka Tunduma, Zambia iliifuta adhabu yenyewe Desemba 2022. Nimefanya kazi hii kwa muda mrefu, na naamini ulazima huu ni kosa, kwa sababu unamnyima jaji uwezo wa kusema jambo ambalo kila mtu aliyekaa mahakamani ameliona kwa macho yake, kwamba aliyeinua nondo na aliyekaa kwenye pikipiki hawakutenda kitu kilekile, hata kama wote wana hatia. Wakati huohuo sijasahau familia ya yule mlinzi, ambao wana haki ya kuona waliohusika wakipatikana na kuadhibiwa.

Sheria haijabadilika bado, kwa hiyo fanyeni haya. Kama hamna uwezo wa kumlipa wakili, mshtakiwa wa mauaji hupangiwa wakili kwa gharama za Serikali shauri linapokwenda Mahakama Kuu, lakini msikae mkingoja hadi siku hiyo. Tafuteni watoa msaada wa kisheria sasa, wakati kesi bado inatajwa kwa Hakimu Mkazi na upelelezi haujakamilika. Mwandikie mdogo wako asizungumzie kesi na mahabusu wenzake, na hasa asizungumze na wale wawili. Na wewe panda gari la asubuhi uende Tukuyu. Kadi hiyo usiipeleke kituoni wala usimkabidhi mtu, hata akisema anawasaidia. Itolee nakala, zithibitishwe na wakili, kisha kadi yenyewe irudi mikononi mwa bibi, kwa sababu huenda siku moja yeye ndiye atakayesimama kizimbani kueleza kwamba Agosti ile mvua zilikuwa bado, na mtoto alizaliwa alfajiri.